Sari ya kufumwa kwa mkono: namna ya kuichagua, kuikagua, kuinunua na kuitunza

Muuzaji wa sari ni mtu wa maonyesho. Ataivuta kutoka rafuni, ataitupa ifunguke hewani, itakutulia mapajani ikimetameta, na kabla hujapata neno ameshafungua ya pili na ya tatu. Muda wote huo unaona upande mmoja tu. Mwambie aigeuze. Sari ya mkono na ya mtambo wa umeme zinaweza kufanana usoni hata mzoefu akababaika, lakini mgongoni zinaachana.

Mwongozo huu ni wa wale wanaofika India kwa shughuli nyingine kabisa: anayemsindikiza mgonjwa Chennai akabaki na siku mbili mkononi, mwanafunzi wa Pune au Bengaluru aliyeagizwa sari na mama yake, mfanyabiashara aliyefuata mzigo Surat. Utamfaa pia aliyealikwa harusi ya jirani Mgujarati pale Upanga au Parklands na hataki kuuziwa kopi kwa bei ya orijino.

Hatua ya kwanza: jua unachokitazama

Sari ni kitambaa kimoja kisichokatwa, urefu kama mita 5 na nusu, upana mita 1 na kitu. Nyingi huja na kipande cha ziada cha sentimita 80 hivi cha kushonea blauzi, na hapo jumla hupita mita 6. Wanawake wa Maharashtra wana yao ya yadi 9, ambayo hupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Aliyezoea kanga hatapotea: kuna pindo, kuna mji, na upande mmoja wa mwisho kuna palu, sehemu inayotupwa begani. Mfumaji hulimbikiza ufundi wake kwenye palu kwa sababu ndiyo itakayoonekana ukumbini.

Kwenye kitanda cha kufumia kuna nyuzi ndefu zilizotandwa tayari, yaani mtande, na kuna uzi unaokwenda na kurudi kati yake, yaani mshindio. Karibu tofauti yote ya bei inatokana na jinsi mshindio ulivyopitishwa. Mtambo wa umeme huurusha kutoka ukingo hadi ukingo, tena na tena, kwa kasi. Hausimami katikati ya kitambaa ukaacha uzi mwekundu na kuokota wa kijani kwa ajili ya jicho la tausi. Mkono unasimama. Ukilishika hilo, majaribio mengine yote yanajieleza yenyewe.

Hatua ya pili: chagua ya wapi

Usiende dukani kuomba "sari nzuri". Utaletewa ya bei kubwa. Sari za mkono hujulikana kwa miji yake, na kila mji una mkono wake. Mingi imelindwa kisheria kwa kiashiria cha kijiografia, kwa hiyo jina la Kanchipuram au Banaras si la kubandikwa ovyo, ingawa hubandikwa kila siku.

Kwa msafiri wa kwetu, Kanchipuram ndiyo rahisi kufika. Iko kama kilomita 70 kutoka Chennai. Ukitoka asubuhi kwa basi au treni, jioni umerudi. Sari yake ni nzito. Uzi wake wa hariri husokotwa kwa kuunganisha nyuzi kadhaa, na mtande huchovywa maji ya mchele na kutandazwa juani ukakamae kabla ya kupandishwa kwenye kitanda. Hariri nyingi hutoka jimbo jirani la Karnataka, na zari, ule uzi wa dhahabu na fedha, hutoka Surat, mbali kaskazini huko Gujarat.

Kinachoitofautisha ni ufundi wa korvai. Hapo mfumaji anaendesha mishindio mitatu kwa pamoja: mmoja wa pindo la kushoto, mmoja wa mji, mmoja wa pindo la kulia. Katika kila mstari, uzi wa pindo unaukumbatia uzi wa mji kisha unarudi ulikotoka. Ndiyo maana pindo linaweza kuwa jekundu la damu ya mzee na mji ukawa kijani cha kasuku, na rangi moja isiingie kwenye nyingine hata kidogo. Kazi hii inataka mtu wa pili pembeni wa kupokea na kurudisha uzi. Wasaidizi hao sasa ni adimu, kwa kuwa vijana wa wilaya hiyo wanapata kazi kwenye viwanda vya magari na vya simu vya Sriperumbudur, na mtu hawezi kuwalaumu. Palu ikiwa ya rangi nyingine, nyuzi mpya za mtande huungwa na za awali moja moja kwa mkono. Ufundi huo huitwa petni, na huacha mstari wa uvimbe mdogo unaouhisi ukipitisha kidole.

Banaras, au Varanasi, ni habari nyingine. Huko hariri ni laini zaidi na maua ya zari ndiyo yanayotawala. Wafumaji wengi ni Waislamu wa jamii ya Ansari, kwenye mitaa kama Madanpura, na nguo wanayoifuma ndiyo bibi harusi wa Kihindu anayoitamani. Mfumaji hukaa ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga kanyagio chini, na juu ya kichwa chake mlolongo wa kadi zenye matundu unaamua ni nyuzi zipi za mtande zinyanyuke. Maua hufumwa kwa njia mbili, na hapa ndipo wageni wengi hupigwa. Katika kadhua, kila ua hupewa kibobini chake kidogo, hufumwa peke yake, na uzi wake huishia hapo hapo. Katika njia ya pili, fekwa, uzi wa zari hurushwa upana wote wa kitambaa na kuonekana usoni penye ua tu; kati ya ua na ua huning'inia mgongoni, halafu hukatwa kwa mkasi. Zote mbili zinaweza kuwa kazi halali ya mkono. Ila kadhua huchukua muda mrefu zaidi, hugharimu zaidi, na haina ncha za kutoka. Anayekuuzia fekwa kwa bei ya kadhua anakupunja hata kama kila uzi umepita mkononi mwa mtu.

Jamdani ni ya Bangladesh. Hufumwa maeneo ya Rupganj kando ya mto Shitalakshya, karibu na Dhaka, na mwaka 2013 ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Hukaa wafumaji wawili bega kwa bega, fundi na mwanafunzi wake, wakiingiza kila ua kwa mkono bila kadi wala mchoro. Muundo uko kichwani mwa fundi. Pamba yake ni nyepesi kiasi kwamba maua huonekana yakielea. Kwa joto la Dar au Mombasa, mimi ningeanza na hii kabla ya hariri yoyote.

Patola ya Patan, Gujarat, huwashinda wote kwa subira. Kabla ya kufuma, nyuzi za mtande na za mshindio, zote mbili, hufungwa kwa uzi wa pamba sehemu zisizotakiwa kushika rangi, huchovywa, hufunguliwa, hufungwa upya kwa rangi inayofuata. Mpaka hapo hakuna kitambaa, kuna vifungu vya nyuzi zenye madoadoa. Ndipo wafumaji wawili hukaa kwenye kitanda kilichoinamishwa upande mmoja na kulinganisha kila doa la mshindio na doa lake la mtande, wakisogeza nyuzi kwa sindano. Sari moja huchukua miezi 6 na hata mwaka. Zimebaki familia chache tu za Salvi, jamii ya wafumaji wa patola, zinazoifanya, na bei huhesabiwa kwa malaki ya rupia. Wagujarati wana msemo kwamba patola huchanika lakini rangi yake haitoki. Ukiona "patola" ya bei ya kawaida, huenda ni ya Rajkot, ambako kwa kawaida hutiwa rangi kwa njia hiyo mshindio peke yake. Ni nguo nzuri, ilimradi iitwe kwa jina lake. Au basi ni ya kuchapwa, na hiyo ni khanga yenye majivuno.

Nguo za Gujarat si ngeni pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu wa Sofala, Msumbiji ya leo, walikuwa wakizifumua nguo za Khambhat, bandari ya Gujarat, ili wapate nyuzi za rangi, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe.

Zipo nyingine za kutosha: Paithani ya Maharashtra yenye tausi kwenye palu, Chanderi na Maheshwari za Madhya Pradesh kwa anayetaka wepesi, Baluchari ya Bishnupur yenye picha za watu na farasi, Sambalpuri ya Odisha na Pochampally ya Telangana kwa anayependa mtindo wa patola bila kuuza shamba.

Hatua ya tatu: kagua

Anza na mgongo. Kwenye Kanchipuram ya korvai, tafuta mahali pindo linapokutana na mji: utaona meno madogo ya msumeno, uzi kwa uzi. Kwenye kopi, mpaka huo umenyooka kama wa rula, na mara nyingi rangi ya mji imepenya ndani ya pindo kwa sababu mshindio ni mmoja. Kumbuka tu kwamba si kila Kanchipuram halisi ina korvai. Zipo za mkono zenye mshindio mmoja, na bei yake iwe chini. Kwenye Banaras, kadhua ina mgongo msafi, kila ua limefungwa peke yake. Ukikuta ncha fupi fupi kama ndevu za siku mbili, ni fekwa au ni ya mtambo. Ukikuta nyuzi ndefu zinazoruka kutoka ua hadi ua na kushika pete, iache. Paithani na patola halisi huwa sawa pande zote mbili; ukiona moja yao ina uso na mgongo, umeshapata jibu.

Pita ukingoni. Mfumaji wa mkono hushikiza upana wa kitambaa kwa fimbo yenye ncha kali, akiisogeza mbele kadiri kazi inavyokwenda, nayo huacha matundu madogo ya sindano pembeni. Tazama pia mwisho wa palu: nyuzi za mtande zilizobaki zinapaswa kuwa zinatoka ndani ya kitambaa chenyewe. Vishada vilivyoshonewa baadaye havithibitishi lolote.

Wauzaji wamejifunza kusema "hitilafu ndogo ndogo ndiyo dalili ya mkono". Ni kweli nusu. Mfumaji hodari hutoa kitambaa kilichonyooka kabisa, na mtambo mbovu hutoa kasoro tele. Usilipe zaidi kwa ajili ya kasoro. Na wakikuletea jaribio la pete, la kupitisha sari nzima ndani ya pete ya kidole, lipuuze: Kanchipuram nzito yenye zari haipiti, na poliesta nyepesi hupita bila taabu.

Jaribio la moto ndilo la kuaminika kwa hariri. Omba nyuzi chache kutoka ukingo wa kipande cha blauzi. Chukua za mtande na za mshindio, uzichome mbalimbali, kwani ujanja uliozoeleka ni kutanda hariri na kupitisha poliesta. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Pamba hunuka karatasi na huacha jivu laini la kijivu. Muuzaji anayekataa kutoa nyuzi tatu hastahili kukupotezea muda.

Zari ni ngumu zaidi. Ya kweli ni uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha, kisha ukatiwa dhahabu juu. Dhahabu yenyewe ni kidogo sana. Ya daraja la pili hutumia shaba. Ya tatu ni plastiki inayong'aa. Katika Kanchipuram, kwangua uzi mmoja wa zari kwa ukucha: ndani ya zari ya kweli hutokea hariri nyekundu, ndani ya bandia mara nyingi ni nyeupe. Lakini uzi wa ndani unaweza kutiwa rangi na yeyote, kwa hiyo kama bei imesimama juu ya zari, dai ipimwe kwa mashine ya eksirei inayosoma kiasi cha fedha na dhahabu, na dai kipimo hicho kiandikwe kwenye risiti.

Mwisho, alama. Lebo ya Silk Mark, iliyo chini ya Bodi Kuu ya Hariri ya India tangu 2004, inakuhakikishia hariri. Haisemi kama sari ilifumwa kwa mkono. Hilo ni kazi ya Handloom Mark, iliyoanza 2006. Watu wengi huona lebo ya kwanza wakadhani wameshapata zote mbili.

Hatua ya nne: nunua

Hesabu siku. Sari iliyowachukua watu wawili wiki tatu haiwezi kuuzwa rupia 2,000; hariri yake tupu inapita hapo. Kwa pesa hiyo tafuta pamba nzuri ya mkono, usitafute hariri ya miujiza. Sensa ya wafumaji ya 2019–20 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.5 katika kazi hii, zaidi ya asilimia 70 wakiwa wanawake, wengi wao wakilipwa kwa kipande. Ukilazimisha bei ishuke sana, anayekatwa ni yule wa mwisho kwenye mnyororo, na siye mwenye duka.

Dereva wa bajaji anayejitolea kukupeleka "kiwandani kwa binamu yake" ana fungu lake, na fungu hilo utalilipa wewe. Kwa mgeni, ni salama zaidi kuanzia kwenye vyama vya ushirika na maduka yao. Tamil Nadu kuna Co-optex, ushirika ulioanzishwa 1935. Bei zake zimeandikwa, hakuna kuvutana, na msimu wa Diwali kuna punguzo. Tarehe 7 Agosti nayo ni siku ya taifa ya kitambaa cha mkono, iliyotangazwa 2015 kukumbuka kuzinduliwa kwa vuguvugu la Swadeshi mjini Kolkata mwaka 1905, ambapo watu waliazimia kususia nguo za Waingereza. Maonyesho huwa mengi majira hayo, na mara nyingi wafumaji huja wenyewe. Muulize mfumaji ilichukua siku ngapi na nani alikuwa pembeni yake. Anayejua hujibu bila kufikiri.

Kununua mtandaoni inawezekana, ila dai picha tatu: mgongo wa palu, mpaka wa pindo na mji kwa karibu, na lebo yenye namba. Kama muuzaji anatuma picha za mrembo tu, endelea na safari yako.

Risiti iandikwe aina ya hariri, aina ya zari na neno la kuthibitisha imefumwa kwa mkono. "Sari moja" haitoshi.

Hatua ya tano: kabla ya kuivaa

Kipande cha blauzi kikatwe kwanza, ukiangalia usikate palu kwa bahati mbaya. Halafu fundi ashone utepe wa pamba ndani ya pindo la chini, urefu wa mita 3 hivi, ili sari ianguke vizuri na visigino visilile pindo. Mafundi wa India huiita kazi hiyo fol, na kuzungushia mashine kwenye ncha ni piko. Afue utepe huo kabla ya kuushona, la sivyo utarudi na kuukunja ukingo wa sari yako.

Gagulo liwe la rangi ya sari na lifungwe kwa kamba kiunoni, kwa sababu ndilo linalobeba uzito wote. Vaa viatu vya shughuli kwanza, kisha sari, maana urefu hupimwa kwa kisigino. Anza kuchomeka upande wa kulia, zunguka mara moja, pima palu begani ifike kwenye magoti kwa nyuma, ndipo ukunje marinda 5 hadi 7 mbele, yaelekee kushoto, na uyachomeke pamoja. Kanchipuram ikiwa mpya hukaidi. Ibanebane kwa pini usiku uliotangulia. Wagujarati huleta palu mbele kupitia bega la kulia, na kwa patola huo ndio uvaaji unaoonyesha kazi yote.

Manukato na dawa ya nywele vitangulie, vikauke, kisha sari. Zari ikinyunyiziwa huwa nyeusi.

Hatua ya sita: itunze

Jamdani na pamba zinaweza kufuliwa kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, zikaanikwa kivulini. Hariri yenye zari iende kwa dobi wa kusafisha bila maji, tena si kila baada ya kuvaliwa. Ipunge hewa nusu siku kivulini jasho likauke, basi. Pasi iwe ya joto dogo, upande wa mgongo, na kitambaa katikati.

Pwani adui ni unyevu. Usiiache kwenye mfuko wa plastiki uliyopewa dukani. Ifunge kwa bafta nyeupe iliyofuliwa ikatoka wanga. Usiitundike, uzito wake utaichana kwenye mkunjo. Kila baada ya miezi mitatu minne ifungue na kuikunja mahali pengine, kwani hariri hukatika pale inapokunjwa siku zote, hasa kwenye zari. Vidonge vya dawa ya nondo visiguse kitambaa. Mfuko mdogo wa karafuu au majani makavu ya mwarobaini pembeni ya kabati unatosha.

Ikitoboka, usimpe fundi wa cherehani. Tafuta mtu anayejua kuziba kwa kufuma uzi mmoja mmoja, na mpe nyuzi kutoka kipande cha blauzi kilichobaki; ndiyo sababu mabaki hayatupwi. Mji ukichoka kabisa, pindo na palu vinaweza kutolewa na kuhamishiwa kwenye kitambaa kipya. India wapo wanaozunguka kununua sari kuukuu kwa uzito, na huzichoma ili wapate fedha iliyomo kwenye zari. Ya bibi yako isiuzwe kabla ya kupimwa.